Petroli ilizeeka, mimi nikatafuta mwizi

Wadau, leo naomba niungame.

Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 nilimnunulia mama kijenereta cha kulindia friza lake la samaki, na dumu la petroli la lita 20. Mgao ulipokwisha, dumu likabaki nusu, nyuma ya nyumba, chini ya bati. Joto la Mbagala mnalijua.

Novemba 2024 transfoma ya mtaani ikaungua. Nikavuta kamba mpaka bega likauma. Jenereta linakohoa, linazima. Kufika kesho yake jioni samaki wameharibika. Mama hakunilaumu, alichukua beseni akaenda kuwamwaga.

Mimi mwandishi wa habari bwana, mwizi nilishamjua: kituo cha mafuta. Wamechakachua! Nikaenda kumfokea kijana wa pampu mbele ya bodaboda na bosi wake, nikamwambia nitamtoa gazetini. Alijaribu kuniuliza nilinunua lini. Sikumpa nafasi. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari (kitamu kweli).

Kabla sijaandika, fundi akafungua kabureta, kisha akaninusisha dumu. Harufu ya vanishi, rangi kama chai ya rangi. "Kaka, haya mafuta ya lini?"

Kumbe petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa kemikali nyingi za kaboni na haidrojeni. Zile nyepesi, ambazo ndizo zinazoiwasha injini ikiwa baridi, hutangulia kuruka kifuniko kisipobana. Katika zinazobaki, baadhi huungana na oksijeni na kugeuka gundi. Joto huharakisha kazi hiyo, na dumu lililo nusu limejaa hewa. Kiwandani hutiwa dawa ya kuchelewesha, lakini nayo huisha. Petroli ya kwenye dumu ni ya kuhesabia miezi michache. Yangu ilikuwa inakaribia mwaka, na gundi yake ilikuwa imeziba vitundu vya kabureta vyembamba kama sindano.

Uchakachuaji upo, sikatai. Ndiyo maana EWURA walianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Ila dumu langu lilichakachuliwa na jua.

Wiki iliyofuata nilirudi kituoni kuomba radhi. Yule kijana hayupo. Mwenzake akasema aliondolewa siku ile ile, "baada ya yule mwandishi kuja kufanya fujo." Hakunitambua. Nikamwomba namba ya simu ya kijana.

Hakuwa nayo.