Sumu Inayobaki Baada ya Dawa

Sepsisi ni jina ambalo wengi wetu hatulitamki, ingawa tumezika wengi kwa sababu yake. Msibani husemwa tu kwamba "maambukizi yaliingia kwenye damu", na mazungumzo huishia hapo. Kwa mwaka 2017 pekee, wataalamu walikadiria kuwa watu milioni 48.9 waliugua sepsisi duniani na milioni 11 wakafariki. Takribani asilimia 85 ya wagonjwa hao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Binamu yangu alifariki siku ya sita baada ya kujifungua, akiwa bado anachomwa sindano za viuavijasumu. Nilipouliza kwa nini dawa haikumwokoa, daktari alinijibu kwa upole: "Dawa inaua bakteria, Mwalimu, lakini sumu yao inabaki, na mwili hujiunguza wenyewe ukipambana nayo."

Jibu hilo ndilo lililonivuta kufuatilia kazi ya Liangfang Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwaka 2013 walieleza jinsi walivyochukua utando wa chembe nyekundu za damu wakauvika juu ya punje ndogo mno za polima inayovunjwavunjwa na mwili. Baadhi ya sumu za bakteria hudhuru kwa kutoboa chembe za damu; zikikutana na chambo hicho, hunasa kama maji kwenye sifongo. Panya waliopewa sifongo hizo kabla ya kudungwa sumu ya kuua, asilimia 89 walinusurika. Waliopewa baadaye, asilimia 44.

Hata hivyo, panya si binadamu. Japani imetumia tangu miaka ya 1990 vichujio vya kunasa sumu za bakteria kutoka kwenye damu, lakini jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililochapishwa mwaka 2018 halikuonyesha kuwa vilipunguza vifo.

Sisi tunalo somo letu wenyewe. Mwaka 2011, utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulibaini kwamba kuwaongezea maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, tiba iliyosifiwa katika nchi tajiri, kuliongeza vifo. Kama utafiti huo usingefanyika katika wodi zetu, tungeendelea kuwazika watoto huku tukifuata mwongozo.

Kwa hiyo sidai sifongo hizo ziletwe kesho. Nadai maabara zenye uwezo wa kuotesha vimelea vya damu katika kila hospitali ya rufaa, na watafiti wetu wawepo mezani majaribio yanapopangwa. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi ni deni, na wanaolilipa mpaka sasa ni wazazi waliomo wodini.