Popo wa Kasanka

Nilipojitolea kufundisha biolojia Serenje, Zambia, wenzangu waliniita mwenyeji. Wawili walitoka Ujerumani, mmoja Denmark. Wakiumwa tumbo waliniuliza dawa ya kienyeji. Wakitaka kujua mvua itaanza lini, walinigeukia mimi. Kumbe mimi nimezaliwa Wete, Pemba. Nilipanda treni ya TAZARA Dar es Salaam, nikashuka Serenje wiki ileile waliyofika wao, na nchi ile sikuwahi kuiona kabla.

Kibemba kinachozungumzwa sokoni kilinifungulia mlango nusu. Mti ni umuti, nyama ni inama, watu ni abantu, maji ni amenshi. Yakishaisha hayo, mazungumzo yananipita. Muuza mboga angenisemesha kwa furaha, kisha angeshangaa kuona ninamjibu kwa Kiingereza. Wenzangu hawakuulizwa kwa nini hawajui Kibemba. Mimi niliulizwa kila siku.

Wikiendi moja ya Novemba tulikodi gari kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kasanka, kama kilomita 100 kutoka Serenje. Hifadhi yenyewe ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 500. Umaarufu wake ni popo. Kati ya Oktoba na Desemba popo walao matunda huja kwa mamilioni, wengi wakitokea Kongo, kufuata masuku na matunda mengine yanayoiva mvua zinapoanza. Mchana hulala wakining'inia katika kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, wamebanana mpaka matawi huvunjika kwa uzito wao.

Nyumbani kwetu popo si kitu cha kufungia safari. Mwaka 1995, kabla sijazaliwa, Pemba ilikumbwa na hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu vitandani usiku. Mama alilala uani pamoja na majirani, moto ukiwaka hadi alfajiri. Hata leo akiisimulia habari hiyo mchana kweupe, hushusha sauti. Mimi nimesoma hadi shahada ya uzamili, najua jinsi popo anavyozaa na kunyonyesha. Mwili wangu haukusoma pamoja nami.

Jumamosi saa kumi na moja jioni mlinzi wa hifadhi, mzee mpole, alitufikisha chini ya mti mkubwa wenye jukwaa la mbao juu kabisa. Ngazi ilisimama wima ikipotelea kwenye majani.

"Tangulia wewe," akaniambia yule wa Denmark. "Umezoea."

"Nimezoea nini?"

Akacheka kidogo. Sikucheka. Nikawaambia kwamba kwetu ni kisiwani, kwamba hapa mimi ni mgeni kama wao, na kwamba hao popo ninawaogopa tangu utotoni. Nikawaeleza habari ya mama. Hakuna aliyenijibu.

Aliyevunja kimya ni yule mzee. "Kumbe u mgeni, binti yangu," akasema. "Mwaiseni, mukwai." Karibu. Miezi yote ile sikuwa nimekaribishwa hivyo, maana mtu hamkaribishi aliye kwake. Akapanda nyuma yangu, akinielekeza mguu gani niweke wapi.

Jua lilipozama wakatoka wachache, kisha kumi, kisha mbingu ikajaa. Kila mmoja ana mabawa ya karibu sentimita 80 akiyatandaza. Walipita juu yetu kama dakika ishirini, wakielekea kila upande, na sauti ya mabawa yao ilikuwa kama mvua inayokaribia juu ya mabati. Tai alijipenyeza katikati yao, akaondoka na mmoja. Mzee alisema kwamba usiku ule watasambaza mbegu mbali sana, na misitu mingi imepandwa nao. Nilishika ubao kwa mikono miwili mpaka wa mwisho akapita. Hofu haikuniondoka, lakini sikufumba macho.

Jumapili, njiani kurudi, tuliona watoto wakiuza matunda ya rangi ya kahawia kando ya barabara. Yule wa Denmark alianza kunigeukia, akasita, akamwuliza dereva. Dereva akasimamisha gari, akanunua masuku, akatufundisha sote wanne kupasua ganda kwa vidole, kufyonza na kutema kokwa. Tukala kimya, vidole vikinata.

Usiku nikampigia mama.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Hawahesabiki."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wa jirani, na mtu akifunga mlango.

"Na wewe ulilala ndani?"

"Nililala ndani, mama."