Namba tuliyoandika bila kupima



Tangu masomo yaanze, wengi wametuuliza: juu ya nini doyen wa mwaka huu anahesabu vitanda kimoja kimoja kila usiku, hata kama mvua inanyesha na taa imezimika? Wengine wanacheka, wanasema tunatafuta sifa kwa bwana prefet. Hapana. Tunaomba nafasi katika gazeti hili tujibu mara moja, halafu maneno yaishe. Lakini jibu linaanzia mbali kidogo na enternat. Linaanzia kwenye kiwanja cha ndege, ndani ya sanduku la chuma ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba kwa mikono yake.

Vakansi kubwa iliyopita tuliipitisha kwa mjomba wetu, ndugu ya mama. Yeye ni fundi wa ndege ndogo. Ndege anayoitunza ni ya watu wawili tu: piloti na mwenzake mmoja, au piloti na makartoni ya dawa. Injini yake ni Rotax 912 ya nguvu za farasi 100, inayotengenezwa Gunskirchen, katika nchi ya Austria. Injini za 912 zilianza kuuzwa mwaka 1989, na leo ziko katika ndege ndogo nyingi sana duniani. Kazi yetu ilikuwa kuosha vipande, kushika taa, na kuandika katika daftari la ndege yale mjomba aliyotuambia tuandike.

Wenzetu wa math-fizike watafurahi na hesabu hii. Katika Cessna za pistoni ambazo tumezoea kuziona, kama 172 na 206, elisi imefungwa moja kwa moja kwenye vilibrekini. Injini yake ni kubwa, nayo inazunguka polepole, kama mara 2700 kwa dakika. Rotax ni ndogo, haifiki litre moja na nusu, kwa hiyo inatafuta nguvu kwa kuzunguka mbio, hata mara 5800 kwa dakika. Sasa chukueni elisi ya metre 1,70. Ncha yake ikizunguka mara moja inakwenda metre 5,34. Ikizunguka mara 5800 kwa dakika, ncha ingekimbia metre 516 kwa sekonde. Sauti yenyewe inakimbia metre 340 hivi tu! Elisi ya namna hiyo ingepiga makelele mengi na kuvuta kidogo. Ndiyo sababu kati ya injini na elisi wameweka sanduku lenye gurudumu dogo la meno na gurudumu kubwa la meno. Mafundi wanaliita redukteri. Vilibrekini ikizunguka mara 2,43, elisi inazunguka mara moja. Basi 5800 inakuwa 2387, na ncha inakwenda metre 212 kwa sekonde. Hapo elisi inafanya kazi yake.

Lakini musifikiri kwamba redukteri inapunguza mbio tu. Injini haisukumi kwa utulivu kama mto. Inasukuma kwa mapigo, silinda kwa silinda, mapigo mawili kila mzunguko. Elisi nayo ni nzito, haipendi kubadili mwendo. Injini inapiga, elisi inakataa. Injini inapumzika, elisi inaendelea. Meno ya katikati yanapokea ugomvi wote, sawa mutoto kati ya baba na mama wanaogombana. Kwa hiyo ndani kuko vipande viwili vyenye meno mapana ya mteremko, vinavyoshikana, na nyuma yake kuko ressort ngumu za umbo la sahani zinazovibana. Kishindo kikija, meno yanapanda mteremko kidogo, ressort zinakubali, kisha yanashuka tena. Kishindo kinamezwa pale.

Mjomba alitufundisha mambo matatu yanayoharibu redukteri upesi. La kwanza ni kuacha injini izunguke polepole mno chini. Watu wanafikiri polepole ni kupumzisha. Kumbe chini ya mizunguko 1400 mapigo yanaachana sana, na meno yanagongana kama nyundo. Asubuhi anaanza na 2000 kwa dakika mbili, halafu 2500 mpaka mafuta yafike digrii 50. La pili ni mafuta. Mafuta yanayolainisha injini ndiyo hayo hayo yanayolainisha redukteri. Injini hii inakubali esanse ya gari, lakini pengine esanse ya ndege tu ndiyo inapatikana, nayo ina risasi. Risasi ile inashuka katika mafuta na kuwa matope ya kijivu. Ukitumia esanse hiyo, mafuta yanayobadilishwa kila saa 100 za kuruka ubadilishe kila saa 50. La tatu ni elisi kugonga kitu, hata kichuguu, hata jiwe. Hata kama huoni kovu lolote, redukteri lazima ikaguliwe.

Utajuaje kwamba meno yanakwisha na sanduku limefungwa? Kuko njia mbili. Kuko kizibo chenye sumaku ambacho kinakamata unga wa chuma ndani ya mafuta. Unafungua, unatazama. Unga kidogo si neno, lakini vipande vingi ni habari mbaya. Njia ya pili ni kupima. Unafunga vilibrekini kwa skrubu yake maalum isizunguke. Hata hivyo elisi bado inaweza kwenda na kurudi kidogo, kama mshale unaotoka saa sita kwenda saa saba, nayo inakwenda kwa kukaza sababu ya zile ressort. Unafunga mizani ya ndoana kwenye elisi, mahali unapojua umbali wake toka katikati, unavuta pole pole, unasoma. Nguvu mara umbali: ni lile somo la momenti tulilolisoma wote. Kitabu cha kiwanda kinataka jibu liwe kati ya niutoni-metre 25 na 60. Likishuka chini ya 25, ujue ndani kumechoka.

Sasa tufike kwenye aibu yetu.

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Ukaguzi ulikuwa karibu kwisha, na kesho yake asubuhi ndege ilipaswa kujaribiwa. Mjomba aliitwa mjini. Akatupa ile mizani, akasema: «Mutoto wa dada, kumebaki kupima elisi tu. Ulishaona namna ninafanyaka. Pima mara tatu, andika, funga hangari.» Vilibrekini alikuwa ameshaifunga mwenyewe. Saa kumi kulikuwa na mechi ya kartie yetu, na sisi tulikuwa golikipa. Mawingu yalikuwa meusi. Tukashika elisi kwa mkono, tukaisukuma kwenda na kurudi. Ilikwenda. Tuseme ukweli: ilikwenda kwa wepesi kuliko tulivyokumbuka, lakini tukajiambia ni mkono wetu tu. Tukatazama daftari. Mstari wa juu, wa ukaguzi uliotangulia, kwa mwandiko wa mjomba, ulisema 34. Tukachukua biki, tukaandika 34. Tukafunga hangari, tukakimbia. Mechi tulishinda.

Mjomba aliporudi usiku alisoma daftari kwa taa ya simu, akatikisa kichwa kwamba ni vizuri, akalala. Sisi hatukulala vizuri.

Asubuhi piloti alifika. Hatukuwa tumejua jambo moja: katika kazi ya mjomba, ndege ikitoka mikononi mwake, mtu wa kwanza kukaa karibu na piloti ni yeye mwenyewe. Alivaa koti, akatupa funguo za nyumba na simu yake tumtunzie. Akapanda, akafunga mkanda. Tulikuwa tumesimama pale na funguo mkononi. Mke wake na watoto wake wanne walikuwa nyuma ya mlango ule ambao funguo zake tulizishika. Piloti akanyoosha mkono kuwasha.

Tukapiga kelele: «Mjomba, ile 34 hatukuipima!»

Piloti akaondoa mkono. Mjomba hakusema neno. Akafungua mkanda, akashuka, akaingia hangari kutafuta mizani. Tulingojea atupige, afadhali angetupiga. Aliifunga vilibrekini tena, akapima centimetre 60 toka katikati ya elisi, akatupa mizani sisi wenyewe tuvute. Mara ya kwanza: kilo 3,6. Mara ya pili: kilo 3,6. Mara ya tatu vile vile. Akasema: «Wewe ni mutu wa math-fizike. Fanya hesabu.» Tukafanya juu ya kartoni: 3,6 mara 9,81 mara 0,60. Niutoni-metre 21.

Piloti akauliza kama ndege ingeanguka. Mjomba akajibu: «Sijue. Pengine ingeruka saa hamsini zingine bila neno. Pengine hapana. Lakini si wewe wala miye tulikuwa na nafasi ya kuchagua, juu huyu alishatuchagulia.»

Maneno yale yalituuma kuliko fimbo.

Redukteri ilitolewa na kufunguliwa. Tuliona kwa macho yetu: ile miteremko ya meno imelika na kung'aa kama kioo, ressort zimechoka, na katika pembe matope ya kijivu ya risasi. Piloti naye akasema ukweli wake, kwamba alizoea kuacha injini polepole sana akingojea abiria, ili kupunguza esanse. Basi makosa yalikuwa ya watu wawili, lakini lake lilionekana kwa kupima, na letu lilikuwa kuficha kipimo. Vipuri vilikawia majuma saba. Dawa zikaenda kwa pikipiki. Tulirudi masomoni ndege ikiwa bado juu ya mawe.

Kabla ya kuondoka, mjomba alitufungulia daftari. Tulitaka kupasua ukurasa ule tuandike mwingine safi. Akakataa: «Daftari haipasuliwake. Piga mstari mumoja tu juu ya 34, mutu aweze kuisoma. Kando andika 21, tarehe, na jina lako.» Tukaandika. Halafu akaongeza: «Namba ya zamani ni ya siku yake. Leo iko na yake. Meno ya chuma haisomake daftari.» Basi. Toka siku ile hakulitaja tena, na barua yake ya mwezi uliopita inauliza tu kama tunakula vizuri.

Jina letu liko pale mpaka leo, kando ya mstari ule.

Sasa munaelewa habari ya vitanda. Mwaka jana, tulipokuwa kapita wa dortwari ya pili, kuko usiku tatu tulizojaza daftari la enternat bila kuhesabu. Usingizi ulikuwa mwingi, na jana yake wote 46 walikuwepo, tukaandika 46. Bwana mlezi anayesoma hapa hakujua. Sasa anajua, na tuko tayari kwa adhabu. Mutasema hakuna kilichotokea. Ni kweli, hakuna kilichotokea. Lakini mmoja wa wale 46 angekuwa na malaria chooni, au nje ya ukuta, daftari letu lingemwambia mlezi alale.

Kwa hiyo, ndugu, tukipita na taa kati ya vitanda, musitucheke na musitukasirikie. Toeni kichwa katika blanketi, semeni «niko», na mulale. Na wale mutakaochukua kazi hii mwakani, sisi tukiisha kufanya examen d'État na kwenda zetu, daftari mutalikuta katika meza ya mlezi. Kwenye kurasa tatu mutaona mstari mmoja juu ya 46, na kando yake tumeandika: «Hatukuhesabu», na jina letu. Musiupasue.

Ni sisi ndugu yenu,
Doyen wa wanafunzi, darasa la sita