Koboi na Boi

Wasemaji wengi wa Kiswahili wamesikia habari za hatamu kabla ya kumwona farasi. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 redio ilitangaza kila siku kwamba chama kimeshika hatamu, na magazeti ya Kenya yangali yanaandika kuwa fulani ameshika hatamu za uongozi. Lakini hatamu yenyewe, ule ukanda wa ngozi unaotoka kinywani mwa mnyama hadi mkononi mwa mpandaji, ni wachache walioigusa. Mbung'o na tauni ya farasi vilimzuia mnyama huyo asistawi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Akabaki kuwa mnyama wa tendi, wa sataranji na wa mabwana.

Mwanamume anayezungumziwa hapa alikuwa na umri wa miaka 52 alipoishika hatamu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Juni 2019, kusini mwa jimbo la Colorado, nchini Marekani, kwenye ranchi iitwayo Zapata, mwendo wa kama saa nne kwa gari kutoka kitongoji cha Denver alikokuwa akiishi kwa miaka ishirini. Binti yake, aliyezaliwa Marekani na kutimiza miaka 24, ndiye aliyelipia likizo hiyo ya wiki moja kwa akiba ya mwaka wake wa kwanza wa kazi. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba babu yake alichunga ng'ombe Laikipia, upande wa Nanyuki, naye akadhani kwamba anamrudisha babake nyumbani.

Kabla ya safari waliletewa fomu. Iliuliza uzito wa mgeni, urefu wake na uzoefu wake wa kupanda farasi, na mwishoni ikaacha nafasi ya kueleza kama mgeni amewahi kufanya kazi na ng'ombe. Penye farasi aliandika kwamba hana uzoefu. Penye ng'ombe alipaacha patupu kwa siku tatu, kisha akaandika sentensi moja: babangu alikuwa mchungaji.

Ranchi ya Zapata ipo katika bonde la San Luis, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sangre de Cristo. Upande mmoja imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Great Sand Dunes, ambako vilima vya mchanga hupanda zaidi ya mita 200, kana kwamba kipande cha Rub' al-Khali kimetupwa miguuni pa milima yenye theluji. Wasomaji walioko Oman wangeshangaa kuona mchanga wao umefika huko. Mwaka 1999 shirika la The Nature Conservancy lilinunua ardhi hiyo, zaidi ya ekari 100,000, ili isikatwekatwe viwanja. Halikuigeuza kuwa mbuga isiyokanyagwa. Ng'ombe waliendelea kulishwa hapo, baisani wapatao 2,000 wakaachwa kuzurura sehemu kubwa ya eneo bila kuhamishwahamishwa, na kwa miaka mingi familia moja ya wafugaji ikaendesha kazi hiyo huku ikiwapokea wageni. Mgeni hakuwa mtazamaji tu. Asubuhi alipewa farasi na tandiko, akaenda kuhamisha ng'ombe, kukagua seng'enge au kutazama kama maji yamefika kwenye birika.

Siku ya kwanza ilikuwa ya maumivu, na hakuna haja ya kuyaeleza. Aliyewahi kukaa juu ya tandiko kwa saa tano bila mazoea anayajua, asiyejua hataamini. Inatosha kusema kwamba binti alijifunza kwenda matiti kabla ya adhuhuri, na baba aliendelea kurukaruka kama gunia la mahindi kwenye mkokoteni.

Siku ya pili waliwaendea ng'ombe. Kiongozi wao, msichana mwenye kofia pana na viganja vigumu, aliwafundisha kwa maneno machache. Kila ng'ombe, alisema, ana duara lake lisiloonekana. Ukibaki nje ya duara atakutazama tu. Ukiingia kidogo atasogea. Ukiingia mno atakimbia, na wenzake watakimbia pamoja naye. Begani kwake pana mpaka wa pili. Ukiwa nyuma ya bega ataenda mbele, ukipita mbele ya bega atasimama au atageuka. Basi kazi yote ni kuingia na kutoka, kuubonyeza mpaka na kuuachia, bila kelele na bila haraka. "Msiwafukuze," aliwaambia. "Waacheni waamue kuondoka."

Baba aliyasikiliza maneno hayo akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameyajua tangu akiwa na miaka saba, ila hakuwahi kuyasikia yakisemwa. Babake hakufundisha kwa maneno. Alisimama tu mahali fulani, kando kidogo ya kundi, fimbo ikiwa mabegani na mikono ikiwa imening'inia juu yake, na kundi likageuka. Mtoto alidhani ng'ombe wanampenda. Sasa, kwenye nyika ya Colorado, akiwa juu ya farasi asiyemtii sawasawa, aliambiwa kwa lugha ya Kiingereza kwamba mahali pale aliposimama babake palikuwa na jina na sababu.

Tofauti ilikuwa nyingine. Mzee yule hakupanda farasi hata siku moja. Kwenye ranchi aliyoajiriwa, farasi alikuwa wa meneja. Wachungaji walitembea kwa miguu, kila mmoja na ng'ombe aina ya Boran wasiopungua mia, na jioni waliwaingiza katika zizi la miiba kwa sababu ya simba. Walikuwa Waturkana, Wasamburu na Wameru, wakielewana kwa Kiswahili cha zizini, kifupi na kisicho na adabu nyingi za pwani, lakini chenye majina zaidi ya thelathini ya rangi na mabaka ya ng'ombe yaliyookotwa katika lugha zao zote. Asubuhi ng'ombe walihesabiwa wakitoka mlangoni. Aliyepotea alikatwa kwenye mshahara. Bei ya siku moja ya likizo pale Zapata ingeulipa mshahara huo kwa miezi mingi, na baba alipiga hesabu hiyo usiku wa pili akiwa kitandani, akaifuta, akaipiga tena.

Ni hapo ndipo neno lilipoanza kumsumbua. Jioni ya siku ya tatu, mezani, mgeni mmoja mwenye moyo mwema alimuuliza binti kama ni kweli babu yake alikuwa koboi. Binti akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, koboi wa Kenya. Watu wakacheka kwa furaha. Baba naye akacheka, kisha akakaa kimya mpaka chakula kilipokwisha.

Kiswahili kililichukua neno la Kiingereza lenye maana ya mvulana na kulifanya "boi". Katika Kenya ya kikoloni boi hakuwa mvulana. Alikuwa mtu mzima, pengine mwenye wajukuu, aliyepika, aliyefua, aliyeshika taa, na ambaye hakutazamiwa kukua. Neno lile lile, likiunganishwa na ng'ombe, lilivuka upande wa pili wa bahari likawa shujaa wa sinema. Hata huko historia haikuwa safi kama sinema zilivyoiosha. Wanahistoria wengine wanakadiria kwamba takriban robo ya waliosukuma makundi ya ng'ombe kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, na ufundi wenyewe wa kamba na tandiko ulirithiwa kwa Wamexico. Kofia ilibaki, nyuso zikabadilishwa.

Na ardhi? Bonde la San Luis lilikuwa la Waute mpaka mikataba ya miaka ya 1860 ilipowasukuma magharibi. Mwaka 1881 wengi wa ndugu zao wa kaskazini wakahamishiwa Utah. Kilele cha Blanca, kinachoonekana kutoka bondeni kila asubuhi, ni mlima mtakatifu wa mashariki kwa Wanavajo. Baisani, ambao hapo kale walihesabiwa kwa makumi ya mamilioni katika Amerika Kaskazini, walikuwa wamepigwa risasi hata William Hornaday alipowakadiria mwaka 1889 akawapata takriban 1,100 tu. Maofisa wa jeshi waliridhia mauaji hayo, maana watu waliomtegemea mnyama huyo wangeshindwa kukataa kuhamishwa. Laikipia nayo ina tarehe zake. Mkataba wa 1904 uliwapeleka Wamaasai huko kutoka Bonde la Ufa, ukiwaahidi kwamba watakaa. Mkataba wa 1911 ukawaondoa tena kuelekea kusini. Kesi waliyofungua ikatupwa mwaka 1913. Walowezi wakapimiwa mashamba. Mzee yule aliajiriwa kuchunga juu ya nyasi hizo. Hakuwa Mmaasai, na wala hakuwahi kudai kuwa nyasi ni zake.

Haya yote hayaifanyi Zapata kuwa mahali pabaya. Ingekuwa rahisi kuandika hivyo, na ingekuwa uvivu. Nyasi za pale zilikuwa nzuri, na mtu aliyekulia malishoni haoni aibu kuzisifu. Ng'ombe walikaa pahali kwa muda mfupi wakiwa wamesongamana, kisha wakahamishwa, na malisho yakapumzishwa muda mrefu. Utaratibu huo unafanana na mwendo wa makundi ya kale yaliyosukumwa na simba na mbwamwitu. Mmoja wa watu walioueneza Marekani ni Allan Savory, mzaliwa wa Bulawayo katika nchi iliyo leo Zimbabwe, aliyeanza kuyafikiria mambo hayo kwa kutazama nyumbu na nyati wa Afrika. Wanasayansi wengi wanabisha juu ya ukubwa wa madai yake, na wana haki ya kubisha. Lakini inafurahisha kidogo kwamba wazo la kuhamahama, ambalo maofisa wa kikoloni walilitangaza kuwa adui wa ardhi, lilirudi likiwa limevaa miwani na kuuzwa kama elimu mpya.

Baba alilielewa hilo siku ya nne, wakiwa wamesimamisha farasi juu ya kilima kidogo. Baisani walikuwa mbali, weusi juu ya nyasi za kijivu, na ndama wao wa rangi ya kutu wakikimbizana. Kiongozi alieleza jinsi samadi na kwato zinavyoifungua ardhi. Akauliza, kwa dhati na si kwa kutaka kupendeza, kule Kenya hufanyaje.

Naye akaeleza, kwa mara ya kwanza mbele ya binti yake. Alieleza kwamba zizi la miiba halikukaa pahali pamoja. Babake alilihamisha baada ya wiki kadhaa, alipoona matope yamezidi au kupe wameongezeka, na yeye ndiye aliyechagua mahali papya. Meneja alipita baadaye na farasi wake, akatikisa kichwa. Zizi lililoachwa lilibaki na samadi nene. Mvua ilipokuja, paliota nyasi fupi, laini, tofauti na za jirani, na swala pala wakapazoea. Hakujua wakati ule kwamba jambo hilo lingefanyiwa utafiti. Watafiti wa Laikipia, hususan katika kituo cha Mpala, wameonyesha kwamba mazizi yaliyohamwa hugeuka viwanja vyenye rutuba vinavyodumu kwa miongo mingi na kuwavuta wanyama wa porini. Siku hizi kuna ranchi za huko zinazohamisha mazizi ya vyuma kwa makusudi ili kuponya ardhi iliyochakaa. Laikipia ni ya pili Kenya kwa wingi wa wanyamapori, baada ya eneo la Maasai Mara, na wengi wao hulisha katika ardhi ya ng'ombe, si katika mbuga za taifa.

"Kwa hiyo babu ndiye aliyekuwa mhifadhi?" binti akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuparamia.

"Babu yako alikuwa akikimbia kupe, mwanangu."

"Lakini alijua."

"Alijua."

"Na walimwita nani?"

Akamwambia. Hakuwa amemwambia hapo kabla. Alimtajia jina aliloitwa na meneja, ambalo halikuwa lake, na neno lililolifuata. Binti hakusema lolote. Akashusha mkono, akapapasa singa za farasi wake mpaka kiongozi alipoashiria kwamba wageuke.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za kazi tu, nazo zilikuwa bora kuliko zote. Baba aliacha kupigana na tandiko. Alihamisha mitamba arobaini kupitia lango jembamba pasipo hata mmoja kugeuka nyuma, akiwa amesimamisha farasi kando kidogo ya kundi, mahali ambapo asingeweza kueleza kwa nini amepachagua. Aliporudi mjini alibaki akichechemea kwa juma zima, na wenzake kazini wakamtania.

Mwezi uliofuata alimpigia simu kaka yake aliyebaki Nanyuki, akamwomba aende kwenye ranchi ile ya zamani atazame kama viwanja vya mazizi ya baba bado vinaonekana. Kaka alicheka sana. Vinaonekana hata kutoka barabarani, alisema, hasa baada ya mvua. Pale karibu na mgunga ulioanguka, na pale ng'ambo ya lugga. Pala wamejaa. Ila kuingia ndani ni kwa tiketi siku hizi, kuna lango na kibanda cha malipo. Raia wanapunguziwa.

"Sasa wewe ukija," kaka akauliza, "utaingia na pasi gani?"