Kipini cha Gurudumu



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilisimama kwenye ngazi za kanisa nikiwatazama vijana wetu wakishindana kwa vigari vya mbao katika mteremko uendao kisimani. Mnavijua vigari hivyo: ubao wa kukalia, kamba ya kuongozea, na belingi kuukuu zilizookotwa gereji badala ya magurudumu. Kabla ya mbio ya mwisho niliona kwamba msumari unaolizuia gurudumu la mbele la kigari kimoja ulikuwa umechomoka nusu. Nikapaza sauti, nikamsimamisha mwenyewe. Wenzake hawakumngoja. Alipomaliza kuugongomea msumari kwa jiwe, wao walikwisha fika chini wakishangilia. Akanitazama kwa uchungu, akasema, "Baba Paroko, umenifanya nishindwe."

Nilimwomba radhi, lakini sikumweleza sababu. Leo napenda kuieleza kwenu nyote, naye akiwemo.

Nilizaliwa mwaka 1961 huko Italia ya kaskazini, katika bonde la mto Po, mkoa wa Emilia-Romagna. Ni nchi ya mashamba na ya injini. Maranello, mji yanakotengenezwa magari ya Ferrari, umo katika mkoa huo, na mtoto wa kwetu alijifunza kutofautisha milio ya injini kabla ya kujifunza kusoma. Baba yangu alikuwa fundi wa matrekta. Nilipotimiza miaka 14, aliniunganishia gokati kutoka katika vipande vya gokati mbili zilizokufa.

Gokati ni gari dogo mno la mashindano. La kwanza lilitengenezwa California, Marekani, mwaka 1956 na fundi aitwaye Art Ingels, aliyetumia injini ya mashine ya kukata majani. Miaka 20 baadaye, zetu zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 100, nazo zilipita kilomita 100 kwa saa huku dereva ameketi sentimita chache tu kutoka ardhini. Hazikuwa na giaboksi, wala klachi, wala springi, wala mkanda wa kujifunga. Ili kuiwasha, baba aliinua sehemu ya nyuma, akakimbia akisukuma, kisha akaiachia ghafla. Magurudumu yakashika lami na kuizungusha injini mpaka ikaitika. Petroli tuliichanganya na mafuta ya nyonyo, na harufu ya moshi wake haijanitoka puani mpaka leo.

Ekseli ya nyuma ilikuwa chuma kimoja kisicho na difu, hivyo katika kona magurudumu yote mawili yalilazimika kuzunguka kwa mwendo uleule. Dereva hodari ni yule aliyejua kuliinua kidogo gurudumu la ndani, kwa uzito wa mwili wake na kwa kuukata usukani kwa wakati wake. Na mwishoni mwa njia iliyonyooka tuliachia mkono mmoja, tukaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja kwa nukta moja, ili injini inywe mafuta zaidi, isije ikagwama kwa joto. Mambo hayo yote nilijifunza pamoja na rafiki yangu, mtoto wa jirani. Tulisoma darasa moja, tulitumikia altareni pamoja, na baba zetu waliazimana spana. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: yeye alikuwa na kasi kuliko mimi. Nami nililijua hilo, na lilinitafuna.

Kiangazi cha mwaka 1976 hatukuwa na mazungumzo mengine ila habari za Niki Lauda, Mwaustria aliyeendesha gari la Ferrari. Tarehe 1 Agosti, katika mashindano ya Nürburgring, Ujerumani, gari lake liligonga ukingo na kuwaka moto, naye akiwa ndani. Madereva wanne waliokuwa wakishindana naye walisimamisha magari yao wakamkimbilia: Guy Edwards, Brett Lunger, Harald Ertl, na Arturo Merzario, Mwitalia mwenzetu, ambaye ndiye aliyejitosa katika miali akaufungua mkanda wake. Hospitalini padre aliitwa kumpa Mpako wa Wagonjwa, kwa maana wengi walidhani hataiona kesho. Lakini tarehe 12 Septemba, siku 42 baada ya ajali, Lauda alirudi mashindanoni huko Monza, na vidonda havijapona, akamaliza wa nne.

Sisi vijana tulimwimbia Lauda. Baba yangu alimsifu Merzario. "Yule wa kurudi ana moyo," alisema, "lakini yule aliyesimama ana moyo zaidi." Nilimsikia, nikakubali kwa kichwa.

Wiki mbili baadaye, Jumapili ya mwisho ya Septemba, tulikuwa na mashindano ya kufunga msimu. Rafiki yangu alikuwa ameshika nafasi ya kwanza, mimi ya pili. Tulipanga gokati zetu tukingoja zamu. Yeye alikuwa akivaa glovu. Nikayashusha macho yangu kwenye gurudumu lake la mbele la kushoto, nikaona kwamba kile kipini chembamba cha waya, kinachoizuia nati isifunguke, hakikuwepo. Tundu lilikuwa tupu.

Kutoka nilipoketi mpaka alipokuwa palikuwa na hatua mbili. Kusema, "Angalia nati yako," kungechukua muda mfupi kuliko kufanya ishara ya msalaba. Sikusema. Nilijiambia kwamba huenda nati imekazwa vya kutosha. Nilijiambia kwamba ni kazi ya baba yake kukagua, si yangu. Nilijiambia kwamba nikisema ataondolewa kwenye mstari, na watu watadhani nimefanya hila. Tazameni, wapendwa, jinsi moyo wa mtu unavyoweza kupata mawakili watatu kwa nukta chache!

Katika mzunguko wa sita gurudumu lile lilichomoka. Nilikuwa nyuma yake. Niliiona gokati yake ikiinama, ikajikunja, ikamrusha juu ya marobota ya majani makavu. Nilimpita. Sikusimama. Nilishinda.

Alivunjika mfupa wa bega na kiwiko cha mkono wa kulia. Bega lilipona, kiwiko hakikunyooka tena sawasawa, na hakushindana tena. Kikombe changu mama alikiweka juu ya kabati, karibu na picha ya Bikira Maria. Kila nilipoingia sebuleni nilikiona, nikatoka. Mwaka uliofuata nilimwambia baba nimechoka na mbio. Hakuniuliza neno.

Dhambi hiyo niliiungama mapema, na naamini Mungu alinisamehe. Lakini kwa miaka 22 nilijificha nyuma ya maondoleo hayo nisimkabili aliyeumia. Nilikuwa padre, nilikuwa mmisionari huku kwenu, nikiwahimiza watu wapatane kabla ya kutoa sadaka zao, na mimi mwenyewe nilikuwa na deni kijijini.

Mwaka 1998, nikiwa likizo, nilikwenda kwake. Alikuwa mwoka mikate, mwenye mke na watoto watatu. Nilimkuta akikunja donge la unga, mkono wa kulia ukifanya kazi kwa upande, kwa namna yake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakukatiza kazi. Nilipomaliza, alipangusa mikono yake akaniambia, "Nilikuona siku ile ukilitazama gurudumu langu. Nikawaza moyoni: kama kuna kasoro, ataniambia."

Wapendwa, nimesikia maneno makali katika maisha yangu, lakini hakuna lililonichoma kama hilo lililosemwa kwa upole. Yeye hakukagua nati yake kwa sababu mimi nilikuwa nimeitazama. Ukimya wangu, nilioudhania kuwa si kitu, kwake ulikuwa jibu. Ulimwambia kwamba yote ni salama.

Kisha akakata mkate wa moto, akanipa kipande, tukala. Hakusema, "Nimekusamehe." Aliniuliza kama huku Afrika tunapata unga mzuri.

Kila tunapoanza Misa tunakiri kwamba tumekosa pia kwa kutotimiza wajibu. Naogopa kwamba maneno hayo tunayapita mbio, kana kwamba ni mkia tu wa sala. Lakini ni nani kati yetu asiye na kipini alichokiona kikikosekana akanyamaza? Jirani anayeanza kunywa asubuhi. Binti anayeachishwa shule kimyakimya. Hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa ambazo hazilingani, nasi tunamwogopa mweka hazina. Tunasema, "Si kazi yangu." Na mwenzetu anatutazama, anaona kwamba tumeona, anajipa moyo kwamba yote ni salama.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kigari, ni kweli: nilikufanya ushindwe. Nilikuwa nimekwisha kushinda mara moja kwa njia ile nyingine, na sikutaka kuiona tena.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Baba Paroko wenu