Sauti Nilizobeba Kutoka Ntoto

Motari alizima pikipiki kwenye daraja la magogo. "Mwanafunzi, shuka. Hili halibebi watu wawili." Nikashuka, kinasa sauti nimekikumbatia kifuani, nikavuka kwa miguu huku nikifuata alama za matairi yake kwenye tope. Milima ya malisho ya Masisi tulikuwa tumeiacha nyuma. Huku ni msitu, migomba na mihogo, na moshi unaotoka taratibu juu ya mapaa ya majani. Ndivyo nilivyoingia Ntoto, pale Masisi na Walikale zinapopakana, mashariki mwa Kongo.

Kilikuwa kiangazi, miaka michache kabla waasi wa M23 hawajarudi vitani mwishoni mwa 2021. Nilikuwa G3, mwaka wa mwisho wa graduat, nikisomea mawasiliano katika chuo kimoja cha Goma, na nilitakiwa kuandika kazi ya kumalizia masomo, ile tunayoiita TFC. Kamera ilikuwa moja kwa darasa zima. Wengi wetu tulijua vitufe vyake kwa vile mwalimu alivyotuchorea ubaoni. Lakini yale maswali matano ya Mmarekani Harold Lasswell, ya mwaka 1948, tuliyakariri kama sala: nani anasema, anasema nini, kwa njia ipi, anamwambia nani, na matokeo yake ni yapi.

Ntoto niliichagua kwa sababu ya siku moja. Tarehe 20 Machi 1993, wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga waliwavamia na kuwaua Wahutu waliokuja sokoni. Moto ule ukaenea Masisi na Rutshuru, wanamgambo wa Kihutu nao wakalipiza kisasi, na watu wapatao 250,000 wakayahama makwao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010, yenye kurasa zaidi ya 500, inaanza kuhesabu maovu ya Kongo kutoka mwezi huohuo wa Machi 1993. Katika karatasi, basi, Ntoto inajulikana.

Siku ya soko nikaiona Ntoto nyingine. Mama mmoja anapima mawese kwa chupa, mwingine anauza chumvi na samaki wa sambaza waliokaushwa. Huku Kinyanga, kule Kihunde. Wakifika kwenye bei, wote wanahamia Kiswahili. Penye watu wengi kuliko kote palikuwa kibanda cha kuchaji simu. Paneli moja ya jua iko juu ya paa, simu zimepangwa kama samaki mezani, na kijana anawanakilia wateja nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu. Redio imening'inizwa msumarini. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002, ilipoanza habari za Kiswahili, kijana aliongeza sauti na watu wakanyamaza. Habari zilipoisha wakamgeukia motari wangu: "Wewe umetoka huko. Ni kweli?" Akaanza kusahihisha, wakaanza kubishana. Kitabu chetu kilikuwa kimesema msikilizaji hupokea. Wale hawakupokea kitu bila kukipima kwanza.

Jioni nilipelekwa barazani kwa wazee. Nikawaamkia, nikaeleza kilichonileta, nikawasha kinasa sauti. Mzee mmoja alikitazama kile kitaa chekundu.

"Walishakuja wengine kama wewe, mtoto wangu. Waliuliza, wakaandika, wakaenda. Haya unayochukua, sisi tutayasikia wapi?"

Nikatafuta jibu kwa Lasswell, nisilione. Maswali yake yote matano yanalisindikiza neno mpaka kwa msikilizaji. Hakuna hata moja linaloulizia njia ya kurudi kwa mwenye neno.

Mzee alipoona nimekwama, akahamishia mazungumzo kwenye habari za shekarisi, mtambaji wa tendi za Wanyanga. Mwaka 1956, katika nchi hii ya Walikale, Candi Rureke alimtambia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo. Ilichukua siku 12, maneno yakiandikwa huku mwenyewe akiimba, akicheza na kuigiza, na wapigaji wakimshikia mdundo. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969. Shekarisi ni redio, tamthilia na sinema katika mwili mmoja, na wasikilizaji wake wamekaa mbele yake wakiitikia. Watu wenye urithi huo hawakuhitaji nije kuwafundisha mawasiliano. Walichodai ni haki yao ya kuitikia.

Nilirudi Goma, nikaandika, nikatetea, nikafaulu. Januari 2025 M23 iliteka Masisi-kati, kisha Goma, na mimi sijarudi Ntoto.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaofundisha habari na filamu, iwe Goma, Bukavu, Mwanza au Nairobi. Kabla mwanafunzi hajatetea kazi yake, mwulizeni swali la sita: wenye sauti hizi umewasikilizisha? Kadi ya kumbukumbu haina uzito, na kijana wa kibanda cha kuchaji angeisambaza kwa siku moja ya soko. Mimi sikuulizwa. Sauti za Ntoto ninazo bado, kwa Kiswahili na Kinyanga. Kazi niliyoijenga juu yake iko kwenye rafu ya maktaba, kwa Kifaransa.