Mgeni Asiyebisha Hodi

Kompyuta ya nyumbani ni chumba cha ndani, na si kila aingiaye hubisha hodi. Mwishoni mwa 2008 kirusi kiitwacho Conficker kilienea katika kompyuta za Windows, na toleo lake la pili likasafiri kwa flashi. Viko vingine ambavyo havili faili. Huzificha, huweka vivuli vya majina yale yale, na afunguaye kivuli humkaribisha mgeni upya.

Hivyo ndivyo bi mkubwa mmoja alivyodhani mashairi ya marehemu mumewe yamepotea. Fundi alikwisha mshauri afute vyote. Kijana wa jirani akakataa: aliizima kwanza programu iliyojibanza, akavifuta vivuli, kisha kwa amri fupi ya attrib akaziondolea folda alama ya kufichwa. Majina yakarejea.

“Umeyasoma, mwanangu?”

“La, bibi. Nimeyahesabu tu.”

Akamnakilia yote kwenye diski ikae kabatini, akamsihi asichomeke flashi yoyote kabla haijakaguliwa, hata ya mjukuu. Kwani mgeni huyu aghalabu huletwa na mikono ya wapendwa.